MFUGAJI NA MIFUGO YAKE: Majani Mapya Yasiwaue Mbuzi Wako

Mvua za kwanza zimenyesha. Hapa Katonga vumbi limetulia. Vilima vilivyokuwa vyekundu vimeanza kuwa kijani. Watu wametoka na majembe kwenda mashambani. Kila mtu anafurahi.

Mbuzi naye anafurahi. Tangu mwezi wa Juni amekula majani makavu na maganda. Sasa anaona majani mabichi, laini na matamu. Anakula bila kuinua kichwa.

Lakini mwezi huu wa furaha ndio pia mwezi wa hatari. Mbuzi wengi hufa mvua zinapoanza. Mwenyewe hushangaa. Husema, "Mbuzi wangu alivumilia njaa miezi minne. Mbona amekufa siku ya kushiba?"

Mwezi huu tutajibu swali hilo.

MBUZI WANGU WAWILI

Kwanza nitawaeleza yaliyonipata mimi mwenyewe. Sioni aibu kusema. Kosa la mtu mmoja likisemwa, huwa somo kwa watu wengi.

Nilikuwa na mbuzi watano. Wawili kati yao niliwatenga kwa ajili ya binti yangu. Alikuwa amemaliza darasa la saba, nasi tulikuwa tukingoja matokeo. Nilisema, "Akifaulu, mbuzi hawa wawili watanunua sare, viatu na godoro."

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku wa Novemba. Baada ya siku chache bonde karibu na kijito lilijaa majani mapya. Nikaamka alfajiri. Nikawafungulia mbuzi saa 12 asubuhi. Majani yalikuwa bado yana umande. Nikawafunga kwa kamba palepale penye majani mengi. Kisha nikaenda zangu mwaloni kununua dagaa.

Niliporudi saa 7 mchana, mke wangu alikuwa ananiita kwa sauti.

"Baba watoto, njoo upesi! Mbona mbuzi huyu amevimba?"

Mbuzi mmoja alikuwa amelala chini. Tumbo lake la kushoto lilikuwa limejaa na kukaza kama ngoma. Alikuwa anahema kwa shida, ulimi nje. Mimi sikujua la kufanya. Nilimmiminia maji mdomoni, nikamwacha amelala. Haikupita nusu saa akafa.

Jirani mmoja akasema ni jicho baya. Mwingine akasema amelishwa sumu. Tukiwa bado tunabishana, mbuzi wa pili naye akaanza kuvimba.

Bahati njema alipita mzee mmoja aliyechunga mifugo tangu utoto wake. Akasema, "Acheni maneno. Leteni mafuta ya kula." Akamsimamisha mbuzi kwenye mteremko, miguu ya mbele ikawa juu. Akamnywesha mafuta polepole. Akafunga kijiti mdomoni mwake kama lijamu, ili mbuzi akitafune. Akalisugua tumbo la kushoto kwa mikono miwili. Baada ya muda tukasikia mbuzi akipiga mbweu. Mbweu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tumbo likaanza kupungua.

Mzee akaniambia, "Kijana wangu, huyu hakurogwa. Ameshiba vibaya."

Binti yangu alifaulu. Mbuzi aliyepona alinunua sare na viatu. Godoro aliazima kwa shangazi yake. Kila nikilikumbuka godoro lile, nakumbuka asubuhi ile ya umande.

KWA NINI MBUZI HUVIMBA?

Tumbo la mbuzi si kama tumbo la mtu. Lina sehemu nne. Sehemu kubwa kuliko zote iko upande wa kushoto. Ndani yake wamo vijidudu wadogo sana wasioonekana kwa macho. Vijidudu hawa si ugonjwa. Ni wafanyakazi wa mbuzi. Wao ndio wanaovunja majani ili mbuzi apate nguvu.

Vijidudu hawa wanapofanya kazi hutoa hewa. Mbuzi huitoa hewa hiyo kwa kupiga mbweu. Kila siku hufanya hivyo, nasi hatuoni ajabu.

Wakati wa kiangazi vijidudu wamezoea majani makavu. Ghafla mbuzi anakula majani mabichi tele, yenye maji. Vijidudu hawajazoea. Hewa inakuwa nyingi mno. Tena majani machanga, hasa ya jamii ya kunde, hufanya povu tumboni. Hewa hunaswa ndani ya povu. Mbuzi hawezi kupiga mbweu. Tumbo hujaa na kusukuma mapafu. Mwisho mbuzi hakosi chakula, bali hukosa pumzi.

JINSI YA KUMZOEZA

Mbuzi azoezwe majani mapya polepole, kwa siku 7 hadi 14. Fanya hivi:

1. Asubuhi mpe kwanza majani makavu au matawi ya miti. Asitoke na njaa kali.

2. Mtoe umande ukishakauka, yaani saa 3 au saa 4 asubuhi.

3. Siku za kwanza ale majani mapya kwa saa moja tu. Kisha mpeleke penye vichaka. Kila siku mwongezee muda kidogo.

4. Usimfunge kwa kamba mahali penye majani machanga ya kunde au maharage, kisha ukaondoka.

5. Mpe maji safi wakati wote.

6. Mpe chumvi kidogo. Kijiko cha chai kwa siku kinamtosha mbuzi mkubwa. Sisi wa Kigoma hatuna haja ya kuitafuta mbali. Chumvi ya Uvinza ilijulikana katika nchi hizi tangu kabla ya wakoloni.

AKIVIMBA, FANYA UPESI

Usingoje kesho. Msimamishe, miguu ya mbele iwe juu. Mnyweshe mafuta ya kula, kama ya alizeti, ya karanga au ya mawese yaliyoyeyushwa. Mafuta yasiwe ya moto. Mbuzi mkubwa apewe kiasi cha mililita 100, yaani theluthi ya chupa ya soda. Mtoto wa mbuzi apewe vijiko vitatu vya mezani.

Mnyweshe polepole. Usimwinue kichwa sana, mafuta yasije yakaingia mapafuni. Kamwe usimpe mafuta ya taa wala petroli. Sugua tumbo la kushoto na umtembeze. Wakati huohuo mtu mwingine akamwite bwana mifugo.

FARASI WA STANLEY

Ndugu msomaji, labda umewahi kujiuliza: mbona hapa kwetu hatuna farasi? Tunaona punda katika mikoa mingine, lakini farasi tunamwona kwenye picha.

Kisa hiki kitatusaidia. Kila mtu wa Ujiji anajua kwamba mwaka 1871 Stanley alimkuta Dk. Livingstone pale Ujiji. Penye mwembe ule pamejengwa kumbukumbu. Lakini wachache wanajua kwamba Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka huo alikuwa na farasi wawili na punda 27. Farasi hawakufika Ujiji. Hawakufika hata Morogoro.

Unguja Stanley aliambiwa kwamba farasi hawataishi bara kwa sababu ya mbung'o. Yeye hakuamini. Akaanza safari wakati wa masika. Njia ilikuwa matope na majani marefu. Walipofika kwa jumbe mmoja aliyeitwa Kingaru, farasi mmoja akafa.

Stanley alitaka kujua sababu. Akampasua tumbo. Akakuta mtama na majani ambayo hayajasagika. Akakuta pia minyoo 25, mifupi, minene na myeupe, imeng'ang'ania ukuta wa tumbo kama ruba. Utumbo nao ulikuwa umejaa minyoo mirefu.

Farasi akazikwa katika shimo refu. Jumbe Kingaru akaja kudai faini ya nguo. Alisema mgeni amezika mnyama katika ardhi yake bila ruhusa. Stanley akajibu, "Basi nitamfukua na kumwacha hapa juu." Jumbe akafikiri kidogo juu ya harufu. Akasema yaishe, wawe marafiki. Haikupita siku moja farasi wa pili naye akafa.

Kisa hiki kina mafunzo matatu.

Funzo la kwanza: mbung'o ni adui kweli. Huleta ugonjwa wa nagana kwa farasi, punda, ng'ombe na hata mbuzi. Mbung'o pia huambukiza watu malale. Ndiyo sababu farasi hawakuenea katika nchi yetu.

Funzo la pili: watu wote walimtazama mbung'o, kumbe ndani ya tumbo mlikuwa na adui mwingine. Minyoo haionekani kwa nje. Hula kimyakimya.

Funzo la tatu: farasi na punda hawacheui kama mbuzi. Tena farasi hawezi kutapika. Akila vibaya, chakula hakina njia ya kurudi. Kwa hiyo wenye punda nao wawazoeze majani mapya polepole, kama tulivyosema juu ya mbuzi.

Lakini neno moja la hadhari. Usimuige Stanley kwa kupasua mzoga. Mnyama akifa ghafla, na damu ikamtoka puani, mdomoni au nyuma, inawezekana ni kimeta. Kimeta huua watu. Usimpasue, usimchune, usimle. Mwite bwana mifugo.

MINYOO NA UMANDE

Sasa turudi kwa mbuzi wetu. Minyoo huingiaje tumboni?

Mbuzi mwenye minyoo hutoa mayai ya minyoo pamoja na kinyesi. Wakati wa kiangazi jua kali huua mayai mengi. Mvua zikianza, mayai yaliyobaki huanguliwa. Minyoo wachanga hupanda juu ya majani ndani ya maji ya umande. Mbuzi akila majani asubuhi na mapema, anawala na minyoo. Jua likipanda na majani yakikauka, minyoo wengi hushuka chini. Kwa hiyo umande una makosa mawili. Unaleta kuvimba, tena unaleta minyoo.

Mnyoo mmoja ni mbaya kuliko wengine. Hukaa tumboni na kunyonya damu. Mbuzi aweza kuonekana ana tumbo kubwa, kumbe hana damu.

Utamjuaje? Mshike kichwa. Vuta chini kope la jicho lake, utazame ngozi ya ndani.

Ikiwa nyekundu, mbuzi ana damu ya kutosha.

Ikiwa na rangi ya waridi iliyofifia, angalia sana.

Ikiwa nyeupe kama karatasi, mbuzi yuko hatarini. Atibiwe leo.

Dalili nyingine ni uvimbe laini chini ya taya, manyoya kusimama, kukonda, na kubaki nyuma ya wenzake. Wengine huharisha.

Watazame mbuzi wako macho kila baada ya wiki mbili wakati wote wa mvua. Kazi hii haihitaji fedha. Hata mtoto wa shule anaweza kuifanya.

DAWA YA MINYOO

Dawa ni nzuri ikitumiwa vizuri. Wengi wetu tunaitumia vibaya. Tunagawa dawa ya mbuzi mmoja kwa mbuzi watatu ili tuokoe fedha. Minyoo dhaifu hufa, minyoo wenye nguvu hubaki na kuzaa. Baadaye dawa hiyo haifai tena, hata ukiinunua kopo zima.

Basi tukumbuke mambo haya:

Mbuzi apewe dawa kulingana na uzito wake. Mwulize bwana mifugo.

Wape dawa walio na dalili. Si lazima mbuzi wote kila mara.

Kabla ya kumpa mbuzi mwenye mimba, uliza kwanza. Dawa nyingine hudhuru mimba changa.

Uliza ni siku ngapi usile nyama wala usinywe maziwa baada ya dawa. Siku hizo zihesabu.

Tena usiwachunge mbuzi mahali pamoja kila siku. Usingoje wamalize majani mpaka udongoni, maana minyoo wengi wako chini. Mbuzi hupenda kula matawi yaliyo juu. Katia matawi, uyafunge na kuyaning'iniza bandani. Chakula kilicho juu hakina minyoo.

HATARI YA MIHOGO NA MTAMA MCHANGA

Kwetu Kigoma mihogo ni chakula cha watu na cha mifugo. Lakini mihogo michungu ina sumu. Sumu hiyo imo katika mizizi, katika maganda na katika majani mabichi. Mtama mchanga unaochipua baada ya ukame nao una sumu ya namna hiyo.

Mbuzi akila kwa wingi huhema haraka, hutetemeka na kuanguka. Aweza kufa katika muda mfupi sana. Mara nyingi hupati hata nafasi ya kumwita bwana mifugo. Kwa hiyo kinga ndiyo dawa.

Maganda ya mihogo yakatwe vipande vidogo na kuanikwa juani siku 2 hadi 3 mpaka yakauke kabisa. Majani ya mihogo yakatwe na kuanikwa vilevile. Usimwache mbuzi aingie katika shamba la mihogo. Ataharibu shamba, na shamba laweza kumwua.

BANDA KAVU

Mbuzi anaweza kuvumilia njaa kidogo. Hawezi kuvumilia matope. Akilala penye maji hupata kikohozi na homa ya mapafu. Kwato zake huoza na kutoa harufu, naye huchechemea.

Jenga banda lililoinuliwa kutoka chini, kiasi cha mita 1. Sakafu iwe ya fito. Kati ya fito na fito acha nafasi ndogo, kiasi cha sentimita 1 na nusu. Kinyesi kitaanguka chini, mguu hautanasa. Ziba upande unaotoka upepo wa ziwa. Paa waweza kuezeka kwa nyasi au kwa majani ya michikichi.

Kinyesi kinachoanguka ni mbolea. Kizoe, ukirundike mpaka kioze, kisha ukipeleke shambani. Kwato zikirefuka, zikatwe kwa kisu kikali na safi. Usikate mpaka kwenye nyama. Na kila jioni watafute kupe masikioni, chini ya mkia na kwenye chuchu. Mvua huwazidisha.

CHANJO

Kuna ugonjwa ambao mafuta na dawa ya minyoo haviwezi kuuzuia. Huo ni sotoka ya mbuzi na kondoo. Ilithibitishwa nchini Tanzania mwaka 2008. Mbuzi hutokwa na kamasi na machozi, hupata vidonda mdomoni, huharisha na kufa. Huenea upesi kutoka mbuzi hadi mbuzi. Haiwapati watu.

Chanjo yake ipo, na humkinga mbuzi kwa miaka mingi. Sotoka ya ng'ombe ilitangazwa kwamba imekwisha duniani mwaka 2011, na chanjo ilifanya kazi kubwa. Kwa hiyo ukisikia chanjo imefika katika kata, usimfiche mbuzi hata mmoja. Mbuzi mmoja uliyemficha aweza kuwaangamiza wa kijiji kizima.

MBUZI NI AKIBA

Labda mtu wa Katonga atasema, "Sisi ni wavuvi. Mbuzi ni jambo dogo."

Tukumbuke mwaka 2024. Uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi 3, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki na dagaa wazaliane. Taa za wavuvi hazikuonekana ziwani usiku. Mwenye mbuzi wawili au watatu alikuwa na kitu cha kuuza mtoto alipougua au unga ulipokwisha. Asiye na mbuzi alikopa.

Ziwa lina siku zake za kutoa na siku zake za kupumzika. Mbuzi hukaa nyumbani, hungoja siku ya shida. Lakini atangoja ikiwa yu hai.

KAZI YA MWEZI HUU

Kesho asubuhi usifungue banda mapema. Ngoja umande ukauke. Wakati unangoja, mshike kila mbuzi na umtazame ndani ya kope. Andika katika daftari lako: mbuzi wangapi wana jicho jekundu, wangapi jeupe. Umekwisha jifunza kuandika, basi daftari hilo likusaidie. Baada ya wiki mbili tazama tena, ulinganishe.

Weka pia chupa moja ya mafuta ya kula mahali inapojulikana na wote nyumbani. Isiwe ya kupikia. Iwe ya mbuzi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mbuzi huvimba mvua zinapoanza?

2. Taja makosa mawili ya kuwachunga mbuzi penye umande.

3. Utafanya nini kwanza ukikuta mbuzi amevimba tumbo la kushoto?

4. Kwa nini si vizuri kugawa dawa ya mbuzi mmoja kwa mbuzi watatu?

5. Je, katika kijiji chenu mbuzi wangapi walikufa mvua zilizopita? Walikufa kwa sababu gani? Mngeweza kuwaokoa?

MANENO YA KUKUMBUKA

Kucheua: mnyama kurudisha chakula mdomoni na kukitafuna tena.

Kupiga mbweu: kutoa hewa ya tumboni kwa mdomo.

Umande: maji yanayokaa juu ya majani asubuhi.

Nagana: ugonjwa wa mifugo unaoletwa na mbung'o.

Mzoga: mwili wa mnyama aliyekufa.

Ndugu msomaji, mvua ni neema. Tuipokee kwa akili. Mbuzi wako ashibe, lakini ashibe polepole.